Saa ya kuzimia katika atelie: namna ya kuchagua minuteri kwa sanduku la kukaushia



Labda fratri anayesoma teolojia atashangaa kuona katika kurasa hizi maneno juu ya saa, waya na rezistansi. Atasema: "Hayo ni mambo ya mafundi." Lakini siku atakapotumwa parokiani, atakuta huko atelie ndogo ya useremala, ao chumba cha kutengeneza motere, ao mahali pa kuunga vyuma. Fundi atamletea karatasi ya mahitaji na kumwomba feza. Na kama atelie ikiungua usiku, si fundi peke yake atakayeulizwa. Tangu Wasalesiani wa Don Bosco walipofika Lubumbashi mwaka 1911, kazi za mikono zimefundishwa katika Katanga pamoja na kusoma na kuandika. Basi tusione haya kuzungumza juu yake kidogo.

Hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, mafundi ni wengi. Viwanda vya Shituru na Panda vimezoeza watu kazi za chuma na za umeme, na wengi wao wamewafundisha watoto wao. Tunachotaka kueleza leo ni jambo moja tu: ginsi ya kuchagua saa inayozima chombo cha kukaushia wakati uliowekwa ukiisha. Wafaransa wanaiita minuteri, na mafundi wetu pia. Ni kitu kidogo, chaweza kukaa mkononi. Lakini aliyekichagua bila kufikiri anaweza kupoteza nyumba nzima.

1. Sanduku la kukaushia na kazi yake

Tangu mwezi wa Novemba mpaka Machi mvua inanyesha katika nchi yetu, na hewa inajaa maji. Mbao zilizokuwa karibu kukauka mwezi wa Septemba zinaanza kunywa tena unyevu. Seremala akizifanya viti na meza, viungo vitalegea wakati wa kiangazi. Vivyo hivyo bageti za kuungia vyuma, hasa zile zinazoitwa bazike: ganda lao linavuta unyevu, na unyevu huo unaleta nyufa katika kiungo. Tena motere iliyofungwa waya upya haiwezi kupewa kuranti kama waya zake zingali na unyevu. Itaungua mara moja.

Kwa hiyo mafundi wanatengeneza sanduku la kukaushia. Ndani kuna rezistansi ya kuleta joto, na vantilatere ya kusukuma hewa. Juu kuna tundu la kutolea mvuke. Sanduku hilo linafanya kazi kwa masaa mengi, na hakuna fundi anayeweza kukaa mbele yake mchana kutwa kama mlinzi. Ndiyo sababu tunatafuta saa ya kulizima.

2. Saa ya kuzimia ni nini, na si nini

Saa hii inahesabu kwa kurudi nyuma. Unaiweka kwa masaa matatu. Inashuka mpaka mawili, mpaka moja, mpaka sifuri. Ikifika sifuri inakata kuranti. Kazi yake inaishia hapo.

Watu wengi wanaichanganya na vyombo vingine viwili. Cha kwanza ni termostati. Termostati inaangalia joto: joto likipanda mno inakata, likishuka inarudisha. Saa haijui joto hata kidogo. Sanduku likifika digri mia mbili, saa itaendelea kuhesabu kwa utulivu.

Cha pili ni mizani. Saa haijui kama ubao umekauka. Inajua tu kwamba masaa yamepita. Seremala anayetaka kujua ukavu anapima uzito wa ubao mmoja asubuhi na jioni. Uzito ukiacha kupungua, ubao umefikia ukavu unaoweza kufikiwa katika sanduku lile. Akitaka hesabu kamili, anakata kipande kidogo, anakipima, anakikausha kwa digri 103 mpaka uzito wake usibadilike, kisha anakipima tena. Kama mwanzo kilikuwa na gramu 130, na mwisho gramu 100, basi maji yalikuwa gramu 30 kwa gramu 100 za ubao mkavu, yaani asilimia 30.

Tukumbuke basi: termostati inalinda joto, mizani inasema ukavu, saa inalinda wakati ambapo mtu hayupo. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine.

3. Yaliyotupata usiku mmoja

Niruhusuni nieleze jambo nililoliona mwenyewe katika atelie moja ya useremala mjini Likasi. Ilikuwa wakati wa mvua, na shule moja ilikuwa imeagiza viti. Mafundi walijaza mbao katika sanduku, wakaweka minuteri kwa masaa sita. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Saa sita ya mchana kuranti ikakatika. Jambo hilo si geni kwetu, hakuna aliyeshangaa. Wakaendelea na randa na msumeno wa mkono mpaka saa kumi na moja, wakafunga mlango, wakaenda kwao. Kila mmoja alifikiri: "Masaa sita yamekwisha kupita, sanduku limezimika."

Lakini minuteri yao ilikuwa ya motere ya umeme. Kuranti ilipokatika, saa nayo ilisimama. Ilikuwa imehesabu masaa mawili tu. Masaa manne yalikuwa yamebaki. Saa tatu ya usiku kuranti ikarudi. Saa ikaamka pamoja na rezistansi, ikaanza kuhesabu masaa yake manne, katika nyumba iliyofungwa, bila mtu. Tena kipande cha ubao kilikuwa kimeanguka na kuzuia mapanga ya vantilatere. Joto likakusanyika mahali pamoja. Kama kwa saa tano ya usiku mlinzi akasikia harufu ya moshi. Akakimbia, akakata kuranti kwenye kisanduku cha nje, akamwaga mchanga.

Tulipoteza mbao na upande mmoja wa sanduku. Kama mlinzi angelala, tungepoteza paa. Asubuhi fundi mkubwa aliishika ile minuteri na kusema: "Imeharibika." Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefanya barabara kazi ambayo ilitengenezwa kwa ajili yake. Sisi ndio tulionunua saa isiyofaa kwa mji wetu.

4. Kuranti ikikatika, saa inafanya nini?

Kuranti yetu inatoka mbali. Inatoka kwenye maporomoko ya Lufira, huko Mwadingusha, ambako mashini zilianza kazi mwaka 1930, na Koni, mwaka 1950; tena inatoka Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, mitambo iliyojengwa katika miaka ya 1950. Katika njia hiyo ndefu radi yaweza kupiga waya, transformateri yaweza kuchoka, maji yaweza kupungua, na watumiaji wanaweza kuzidi nguvu iliyopo. Kwa hiyo katika mji wetu ulizo la kwanza mbele ya kununua minuteri si bei, wala uzuri wake, wala urefu wa masaa yake. Ulizo la kwanza ni hili: kuranti ikikatika na kurudi, saa hii itafanya nini? Tuziangalie moja moja.

a) Saa ya resori. Unazungusha kitufe kwa mkono, na ndani yake resori ya chuma inakazwa. Magurudumu yenye meno yanaiachilia polepole. Ikifika sifuri, vipande viwili vya chuma vinavyopitisha kuranti vinaachana. Saa hii haihitaji umeme kwa kuhesabu. Kuranti ikatike ao isikatike, inaendelea kushuka. Kama mafundi wetu wangekuwa nayo, ingefika sifuri saa kumi ya mchana, katika giza la umeme, na kuranti iliporudi saa tatu ya usiku ingekuta mlango umefungwa. Tena haiwezi kujiwasha yenyewe. Lazima mkono wa mtu uizungushe. Uangalie jambo moja tu: kuna saa za resori zenye nafasi ya kubaki daima, ambapo kitufe kinasimama na chombo kinawaka bila mwisho. Usinunue hiyo kwa sanduku la kukaushia. Siku moja mtu mwenye haraka ataiweka hapo.

b) Saa ya motere ya umeme. Motere ndogo inafuata mapigo ya kuranti, ambayo kwetu ni 50 kwa kila sekunde. Mahali ambapo kuranti haikatiki ni saa nzuri sana. Kwetu inasimama pamoja na kuranti, na kuendelea pamoja nayo, kama tulivyoona. Kasoro nyingine ni ya wale wanaotumia gurupe: kama gurupe inazunguka polepole na kutoa mapigo 48 badala ya 50, masaa sita ya saa hii yatakuwa kweli masaa sita na dakika kumi na tano.

c) Saa ya elektroniki. Hizi ni za ginsi nyingi, na ndiyo sababu zinadanganya. Nyingine, kuranti ikirudi, zinabaki zimezimika mpaka mtu abonyeze kitufe. Hizo ni njema. Nyingine zina batri ndogo na zinaendelea kuhesabu. Hizo pia zafaa, mpaka siku batri itakapokufa. Lakini kuna nyingine ambazo, kila mara zikipewa kuranti, zinaanza hesabu yote tangu mwanzo. Ukiweka masaa sita, na kuranti ikarudi saa tatu ya usiku, chombo chako kitawaka mpaka saa tisa ya usiku. Hiyo ni mbaya kuliko saa ya motere.

d) Saa ya siku nzima yenye pini. Inauzwa sokoni kwa bei ndogo, na wengi wanainunua wakifikiri ni minuteri. Sivyo. Ina duara la masaa 24 na pini pembeni, nayo inawasha na kuzima kila siku kwa saa ile ile. Ukiisahau Jumamosi, itawasha sanduku Jumapili asubuhi, wakati watu wote wako kwenye Misa. Inafaa kwa taa ya ukumbi, si kwa kukausha.

e) Prizi inayoongozwa kwa simu. Vijana wanaipenda. Lakini inataka mtandao, na kuranti ikikatika mara nyingi mtandao wa nyumba unakatika nao. Tena nyingi zake zinakumbuka hali ya mwisho: kama chombo kilikuwa kinawaka, kitawaka tena. Usiweke usalama wa atelie juu ya kitu kama hicho peke yake.

Kutoka haya yote tunapata kanuni moja, na msomaji akisahau mengine yote, aishike hii: kila chombo kitashindwa siku moja, basi tuchague kile ambacho, kikishindwa, kinashindwa kwa upande wa kuzima.

5. Hesabu ya ampere

Nyuma ya kujua ginsi ya saa, soma kibandiko chake. Utaona volti na ampere, kwa mfano 250 V na 16 A. Mara nyingine utaona 16(4) A. Maana yake: ampere 16 kwa rezistansi na taa za kawaida, lakini ampere 4 tu kwa motere. Sababu ni kwamba motere ikianza kuzunguka inavuta kuranti mara tano ao zaidi kuliko kawaida yake, na ikizimwa inatoa cheche zinazokula vipande vya kupitishia kuranti.

Sasa tufanye hesabu. Sanduku letu lina rezistansi mbili za wati 1000 kila moja, na vantilatere ya wati 60. Jumla ni wati 2060. Tukigawanya kwa volti 220 tunapata ampere 9 na theluthi. Mtu atasema: "Basi minuteri ya ampere 10 inatosha." Haitoshi. Usiku, wakati watumiaji ni wachache, volti zaweza kupanda. Zikifika 240, rezistansi zile zile zinavuta zaidi, na jumla inapita ampere 10. Tena chombo kinachofanya kazi kwa masaa mengi hakipashwi kubebeshwa mzigo wake wote. Mafundi wenye akili wanahesabu asilimia 80 tu: minuteri ya ampere 16 wanaipa ampere 12 na kitu, si zaidi. Kwa sanduku letu minuteri ya ampere 16 ni sawasawa.

Waya nao ufuate: kwa mzigo huu, waya wa shaba wa milimeta mraba 2,5. Na usisahau kwamba minuteri nyingi zinakata waya mmoja tu kati ya miwili. Saa ikiwa kwenye sifuri, rezistansi yaweza bado kuwa na kuranti. Mbele ya kugusa chochote ndani ya sanduku, chomoa prizi.

6. Kontakteri na kitufe cha kuanzia

Kama sanduku ni kubwa, tuseme wati 6000, usilazimishe minuteri kubeba mzigo huo. Weka kontakteri. Kontakteri ni kama mlango mkubwa wa kuranti unaofunguliwa na bobine ndogo. Minuteri inatoa kuranti kidogo kwa bobine, na kontakteri inabeba mzigo wote.

Kontakteri inatupa faida nyingine kubwa. Fundi akiifunga pamoja na kitufe cha kubonyeza kwa namna ambayo kontakteri inajishikilia yenyewe, basi kuranti ikikatika kontakteri inaachia, na kuranti ikirudi haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kwa njia hii hata mwenye minuteri ya motere ya umeme anaweza kuitumia bila hatari ya usiku. Si lazima kuitupa, mwite fundi wa umeme mwenye kujua kazi yake, na umwambie maneno haya: "Nataka kuranti ikirudi, chombo kisijiwashe." Atakuelewa.

Lakini kontakteri nayo ina ugonjwa wake. Ikizeeka, vipande vyake vyaweza kugandana kwa cheche, na haitaachia tena. Kwa hiyo isafishwe ao ibadilishwe kwa wakati wake, na isiwe mlinzi wa pekee.

7. Masaa mangapi?

Chagua saa ambayo kipimo chake kinakaribia kazi yako. Saa ya resori ya masaa 12 haiwezi kuweka dakika 20 kwa usahihi. Alama zake zimekaa karibu karibu mno. Na ukitaka kuweka muda mfupi kwenye saa ya resori, zungusha kwanza mbele zaidi, kisha urudi mpaka alama unayoitaka. Hivyo resori inakazwa vema na saa haisimami njiani.

Kwa bageti za bazike, paketi nyingi zinaandika digri 300 mpaka 350, kwa saa moja ao mawili. Soma paketi yako na ufuate maneno yake. Minuteri ya masaa mawili ao matatu inatosha, lakini sanduku liwe la chuma. Sanduku la mbao halifai kabisa kwa joto hilo.

Kwa motere iliyofungwa upya, joto la karibu digri 100 linafukuza unyevu kwa masaa kadhaa. Hapa fundi hapimi uzito, anapima isolasi kwa chombo cha megaomu. Ataona jambo la ajabu: mwanzoni kipimo kinashuka, kwa kuwa waya zinapata joto, halafu kinapanda, kwa kuwa unyevu unatoka, mwishoni kinatulia. Kikitulia, kazi imekwisha. Minuteri ya masaa 6 inafaa. Tahadhari moja: motere iliyotoka kuchovywa katika verni yenye petroli ao dawa inayowaka isiingizwe mara moja katika sanduku lililofungwa lenye rezistansi wazi. Mvuke wake waweza kulipuka katika dakika za kwanza, na hakuna saa duniani itakayokusaidia. Iache kwanza idondoke na kupepewa nje, kisha fuata joto na masaa yaliyoandikwa kwenye kopo la verni.

Kwa mbao, joto liwe dogo, digri 40 mpaka 50 mwanzoni, na siku ziwe nyingi. Joto kali linakausha ngozi ya ubao na kuacha moyo wake mbichi, ubao unapasuka. Mtu atauliza: "Kama kazi ni ya siku kumi, minuteri ya masaa 8 yanifaa nini?" Inakufaa hasa. Kila asubuhi mtu atapashwa kuja kuizungusha kwa mkono. Akija, atasikia kama vantilatere inazunguka, atanusa, atagusa ukuta wa sanduku, atapima ubao wake. Jioni sanduku litazimika lenyewe, na usiku mbao zitapumzika, unyevu wa ndani upate kusogea nje. Ubao haupotezi kitu kwa kupumzika hivyo.

8. Mlinzi wa pili

Usiwe na mlinzi mmoja tu. Pamoja na saa, weka termostati. Pamoja na termostati, weka juu ya rezistansi ile fyuzi ya joto, kipande kidogo kinachoyeyuka joto likipita kipimo chake na kukata kuranti mpaka kibadilishwe. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya paa. Fundi asithubutu kuifunga kwa waya wa shaba eti kazi iendelee. Imeyeyuka kwa sababu, na sababu hiyo itafutwe kwanza.

Zaidi ya hayo, rezistansi ifungwe kwa namna ambayo haiwezi kuwaka bila vantilatere. Na kama inawezekana, vantilatere iendelee dakika tano ao kumi nyuma ya rezistansi kuzimika, ipate kutoa joto lililobaki. Sanduku lisimame mbali na maranda, verni na petroli. Ndoo ya mchanga ikae mlangoni.

9. Jaribio la nusu saa

Usimwamini muuzaji, wala usiniamini mimi. Jaribu mwenyewe, mbele ya kufunga minuteri kwenye sanduku. Funga taa ndogo mahali pa rezistansi. Weka saa kwa dakika 20. Nyuma ya dakika 5 chomoa prizi. Ngoja dakika 5 nyingine, kisha rudisha. Sasa angalia saa ya ukutani.

Taa isipowaka, minuteri yako inangoja mkono wa mtu: ni njema sana. Ikiwaka na kuzimika dakika ya 20 tangu mwanzo, saa inahesabu hata bila kuranti: ni njema. Ikizimika dakika ya 25, saa ilisimama wakati wa giza: usiitumie bila kontakteri inayojishikilia. Ikizimika dakika ya 30, saa ilianza upya tangu mwanzo: irudishe kwa muuzaji.

Kisha fanya jaribio la pili. Weka tena dakika 20, chomoa prizi nyuma ya dakika 5, na usiirudishe mpaka dakika 20 zote zipite. Ukirudisha, taa isiwake. Huo ndio usiku wetu wa Likasi, uliofupishwa. Fanya jaribio hilo tena kila mwaka mbele ya mvua kuanza, kwa kuwa resori inachoka na batri inakufa.

10. Jibu kwa fundi

Fundi atanung'unika, na nung'uniko lake lina haki. Atasema: "Padri, ukinipa saa ya resori, kuranti ikikatika masaa mawili, saa inaendelea kushuka, na kazi yangu inatoka nusu mbichi. Mwenye motere ananingoja. Nitakula hasara." Ni kweli. Saa inayolinda nyumba itamkosesha fundi masaa mengine ya kazi. Tusimfiche jambo hilo.

Mpe basi daftari. Aandike saa aliyowasha, saa kuranti ilipokatika, saa iliporudi, na kipimo cha mwisho cha uzito ao cha megaomu. Akirudi kesho, atajua amebakiza nini, naye ataongeza masaa yanayokosekana akiwa macho, mlango ukiwa wazi. Mwenye motere atakasirika kwa siku moja. Ubao mbichi unaweza kurudishwa katika sanduku, na motere yenye unyevu vilevile. Nyumba iliyoungua hairudishwi, na bado hatujasema neno juu ya mtoto wa mlinzi anayelala nyuma ya ukuta.

Mwishoni, andika juu ya mlango wa sanduku, kwa herufi kubwa na katika lugha ambayo wanafunzi wote wanaisoma: KURANTI IKIKATIKA, CHOMOA PRIZI. Saa njema inamsaidia mtu anayesahau. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuchomoa prizi mbele ya kwenda nyumbani atakuwa na faida popote atakapofanya kazi, hata mahali ambapo hakuna aliyefikiri kununua saa.